Pale Mpira Unapokutana na Mfuko

Mwalimu wetu wa kutunza wagonjwa majumbani alikuwa muuguzi mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na darasa letu lilikuwa ukumbi wa kanisa pale Tawa. Siku ya somo la mpira wa mkojo aliuleta mpira wenyewe, ukiwa umeunganishwa na mfuko wake, akautandaza juu ya meza ya ushirika bila aibu yoyote. Halafu akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akachora pete mahali ambapo mpira unakutana na mfuko. Akatuambia kwamba kutoka hapo kwenda chini ni kwetu: kumwaga, kuosha, kupima, kuangalia rangi ya mkojo, kuhakikisha mfuko hauburuti sakafuni. Kutoka hapo kwenda juu si kwetu. Hatuingizi, hatutoi, hatusukumi maji ndani, hata mgonjwa akitulilia, hata tuwe tumeona ikifanywa mpaka tumechoka kuona.

Wenzangu walicheka. Mimi ile pete niliipenda. Ni mtu wa kupenda kujua shamba langu linaishia wapi, kwa sababu kwetu Nunguni mashamba ni vipande vya mlimani na nimeona ndugu wa tumbo moja wakikatana panga juu ya mpaka usio na alama. Nilikuwa na kiburi pia, na bado ninacho. Nilikuwa nimemuuguza baba yangu mpaka mwisho, na nilijiona kwamba hakuna kitu cha mgonjwa kitakachonitisha. Nikanunua kichupa changu cha rangi nyekundu, nikakitia kwenye mkoba pamoja na glovu.

Kazi ya kwanza ya muda mrefu niliyopewa na kampuni ya watunza wagonjwa ilikuwa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui. Mtu wa Nunguni akipelekwa Tseikuru anaaga kwao kama anayevuka mpaka wa nchi. Kwetu asubuhi tunavaa sweta na kukata kabichi zenye umande. Kule jua linaamka kabla yako, na mbuzi ndio wenye mji. Mgonjwa wangu alikuwa mama mzee, mjane, aliyeanguka akikimbiza mbuzi hao, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo kibofu chake kilikataa kujimwaga chenyewe. Ndiyo maana akawekewa mpira. Nilimwita susu, kama tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, na yeye akaniita mwiitu, yaani binti. Majirani walioniona na glovu waliniita daktari, na kila siku niliwakatalia mpaka nikachoka kukataa.

Susu hakuwa mgonjwa wa kuhurumiwa. Alitawala boma kutoka kitandani kwa masikio tu. Akisikia kengele ya mbuzi fulani imekwenda upande usiofaa, alinituma nje nikamtukane mchungaji. Mara moja kwa mwezi muuguzi wa kituo cha afya alivuka mto wa mchanga kwa pikipiki na kuja kubadilisha mpira. Mimi nilishika tochi, nikashika goti, nikatazama. Akishaondoka, nilichora pete yangu nyekundu kwenye kiungo, na susu akaniuliza kila mara kama nimemaliza kumpamba bibi harusi.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira. Ule mto, ambao kwa miezi mingi ni barabara ya punda, ukajaa, ukapungua, ukajaa tena. Siku ya muuguzi kuja ikapita bila muuguzi. Nilipiga simu kituoni, nikaambiwa atakuja maji yakishuka.

Badala yake walikuja wageni wengine, wakavuka katika siku ile moja ambayo mto ulikuwa umetulia. Alikuwa binti mkubwa wa susu pamoja na mume wake, kutoka mji wa Wote, wakiwa wamebeba unga, sukari na boksi la vifaa vya mgonjwa. Mume alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya upande wa Makueni, mtu mpole mwenye miwani, na kwa kawaida mtu kama huyo akiingia bomani moyo wangu hushuka chini ukapumzika. Lakini hakuingia ndani. Aliwekewa kigoda kando ya ghala ya mahindi, akaketi akiupa mgongo mlango wa nyumba ya mama mkwe wake, na hapo ndipo alipokula, akanywa chai na kusoma simu yake.

Kwetu Wakamba mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawazoeani. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao atapata sababu ya kuingia kichakani. Tunaiita nthoni, na ni aibu iliyo pia heshima. Vijana wa mjini husema imekwisha, na wahubiri husema damu ya Yesu ilimaliza mambo hayo, lakini nimewaona wahubiri hao hao wakiwa ukweni. Kwa hiyo salamu nilizibeba mimi. Alisema nimwambie mama amemsalimia. Nilitembea hatua chache, nikasema. Susu akasema nimwambie amesikia, na aulizwe hali ya watoto. Nilitembea tena, nikijionea raha, kama posta.

Usiku ule mvua ikanyesha, na asubuhi tulisikia mto ukiunguruma kabla hatujauona.

Mchana wa siku hiyo nilikwenda kumwaga mfuko nikaukuta mtupu. Sikushtuka mara moja. Nilifanya yote ya chini ya pete: nikaangalia kama mpira umekunjika, nikanyoosha, nikashusha mfuko, nikamgeuza susu ubavu mmoja na kisha mwingine. Hakuna tone. Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake la chini, nikalikuta gumu kama kibuyu. Susu alikuwa amekaza meno na jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Mwiitu," aliniambia, "kuna mtu ameketi juu ya tumbo langu. Mwambie ainuke."

Nikamwita binti yake. Binti akaja, akaona, akatoka mbio hadi kwenye ghala. Mume wake akauliza maswali bila kugeuka, nami nikayajibu kutoka mlangoni: mkojo ulionekana lini mara ya mwisho, ulikuwa na rangi gani, ulikuwa na chengachenga kama za mchanga? Nikasema ndiyo, chengachenga zilikuwapo. Akavua miwani, akaifuta. Akasema mpira umeziba, umekaa kupita siku zake, na lazima utolewe uwekwe mwingine sasa hivi. Ukiachwa, mkojo utarudi juu kwenye figo, na kwa umri wa mama yule huenda asione Jumapili. Nilipenda jinsi alivyosema wazi, na papo hapo nilichukia kwamba amesema.

Tukampigia simu mtu wa pikipiki wa ng'ambo. Alitucheka. Alisema maji yanabeba miti mizima, na kwamba kama tunataka kuvuka tungoje tuzaliwe samaki. Kituo cha afya wakasema wanaweza kumleta muuguzi hadi ukingoni na hapana zaidi.

Ndipo mkwe akaniita pale kwenye ghala. Mipira mipya ipo kwenye boksi, akasema, imefungwa na ni safi. Glovu zipo. Sirinji ipo. Tena mimi mtunzaji nimeona ikifanywa. Yeye atasimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, anielekeze neno kwa neno.

Nikamwambia hapana.

Hakukasirika. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekosa hesabu rahisi. "Sister, hii kitu ni simple. Ni wewe tu uko na mkono huko ndani."

"Daktari, wewe ndiye uko na leseni."

"Leseni ninayo," alisema. "Njia ya kuingia pale ndiyo sina."

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Boma zima lilikuwa na watu wawili wanaoitwa daktari, mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kumgusa mgonjwa mahali anapoumia. Mpaka wangu niliandikiwa na kampuni. Mpaka wake aliandikiwa na watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa. Na katikati yetu kuna mama anajaa.

Nyuma ya boma kuna mwamba ambao ndio mahali pekee pa kupata mtandao mzuri. Nikaupanda nikampigia mwalimu wangu wa Tawa, kwa sababu alikuwa ametuambia tumpigie. Nilimweleza haraka. Nadhani nilitaka anisukume. Nilitaka aseme, kwa leo tu, fanya. Akaniuliza, mkwe yule anatetemeka mikono, ni mlevi, ni kipofu? Nikasema si yoyote kati ya hayo.

"Basi uko na muuguzi hapo," alisema. "Shida yenu si mpira. Nenda umalize hiyo shida ingine, na usiguse."

Kabla sijakata simu nikasikia susu akipiga ukelele. Nilimfahamu mwanamke yule, hakuwa mtu wa kulia. Nilishuka ule mwamba nikichubuka magoti, na nilipoingia nikamkuta binti yake amevaa glovu zangu, ameushika mpira kwa mkono wote, anavuta. Nje, chini ya dirisha, mume wake alikuwa akiuliza kwa sauti ya kuvunjika kama ameyatoa maji kwanza.

"Maji gani?" binti akauliza.

Mpira ule ndani ya kibofu una kipulizo kidogo kilichojazwa maji ndio kiushike usianguke. Lazima kinyonywe kwa sirinji kwanza. Ukivuta kabla, unavuta na nyama. Mume alikuwa ameanza kumwelekeza kutoka mwanzo, binti kwa hofu akasikia mwanzo na mwisho, katikati yote ikampita. Nilimshika mikono nikaitoa. Kulikuwa na damu kidogo kwenye mpira, na binti alipoiona akaketi sakafuni akaanza kulia akimwita mama yake kama mtoto mdogo.

Basi ikabaki mimi. Binti aliponyanyua uso akaniambia mama yake anakufa mimi nikimtazama, na kwamba siku ya hukumu Mungu hatauliza kampuni. Aliniambia nina roho ya jiwe. Nilitamani kumjibu vibaya, kwa sababu majibu mabaya huwa ninayo tayari. Nikavaa glovu mpya. Ninaliandika jambo hili kama lilivyokuwa. Nilivaa glovu, nikapiga magoti kando ya kitanda, na mkono wangu ukapita ile pete nyekundu, ukakaa juu yake, kwenye sehemu ya mpira ambayo sikuwahi kuishika isipokuwa kwa kuosha. Nilikuwa ninakumbuka kila kitu ambacho muuguzi wa kituo alikuwa akifanya. Nilikumbuka mpangilio wake wote. Na bado vidole vyangu havikujua chochote. Kuona na kujua ni ndugu, lakini si pacha.

Nikaondoa mkono. Nikasogea karibu na kichwa cha susu, nikamwambia kwa Kikamba, polepole, kwa kuwa niliona kwamba tangu asubuhi tulikuwa tukibishana juu yake kama mzigo sokoni na hakuna aliyemuuliza.

"Susu, mimi nimeona lakini sijui. Nikiweka vibaya nitakuumiza zaidi ya hivi. Anayejua yuko nje."

Alifungua macho. Alinielewa upesi kuliko nilivyotaka. Aligeuza uso ukutani.

Binti yake, bado yuko sakafuni, akamkumbusha ule usemi kwamba mficha uchi hazai. Lilikuwa neno la kawaida, la kumsihi mtu asifiche shida yake.

"Nilishazaa," susu akasema, akiuambia ukuta. "Nilizaa saba, na sikuhitaji kumwonyesha mkwe."

Katika hali ile, nakuapia, nilitaka kucheka. Lakini maumivu yalimpanda tena, akauma kona ya blanketi, na mguu wake mzima ukaanza kutetemeka. Nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kazi nyingine iliyo yangu. Nje mkwe alikuwa amerudi kwenye kigoda. Nilimwona kupitia mlango, ameweka kichwa mikononi. Sikuwahi kumwona mtu anayejua dawa ya shida akiwa ameketi mbali nayo kiasi kile, na nilimwonea huruma, na nilitamani kumpiga teke.

Maumivu yalipompisha kidogo, susu akaomba leso mbili. Zile za sandukuni, akasema, si hizi za kufutia watoto. Nikazitoa. Moja akasema nimfunike nayo kuanzia kiunoni, nipasue mahali ikibidi. Nyingine nimfunike uso.

"Nenda umwambie mama mkwe wake ametoka," alisema. "Hapa kitandani amebaki mgonjwa tu. Aje na mikono. Macho ayaache huko kwenye ghala."

Nikaenda nikasema. Mkwe alisimama, akaketi. Akasema haiwezekani, akasema mke wake hatamwangalia tena, akasema kwao Mbooni watu watasikia. Nilimwambia kwamba mimi sitatembea tena na neno lolote isipokuwa atakalolileta kwa miguu yake. Nilipaza sauti, na sijutii. Kutoka ndani, chini ya leso, susu naye akapaza ya kwake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa ile kwa mkwe kusikia sauti yake ikimlenga.

"Mwambie kama anangoja nife ndio aje kunizika, hata maiti yangu iko na nthoni."

Mkwe alinawa mikono kwenye tangi muda mrefu. Aliingia kwa ubavu, uso kwa ukuta, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, ingawa mlango ule ulikuwa mpana. Binti alitoka. Ilikuwa sawa atoke, hakuna mke anayetakiwa kuona jambo lile. Nikabaki mimi, katikati ya watu wawili walio karibu kiasi cha kugusana na wasioweza kuambiana neno.

"Mwambie apumue," mkwe alisema.

"Susu, pumua."

"Mwambie ninapumua tangu nizaliwe."

Nikamwambia. Mdomo wa mkwe ukacheza kidogo, akachukua sirinji. Nikashika tochi kwa mkono mmoja, na mkono mwingine nikampa susu, akaukamata kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mkwe akanyonya maji ya kile kipulizo kwa sirinji, yakaja kidogo, yakagoma, akageuza, akanyonya tena. Mpira ulipotoka ncha yake ilikuwa imeganda chengachenga kama sufuria ya maji ya chumvi. Damu ilifuata. Alijaribu mpira mpya, haukupata njia. Akautupa, akaomba mwingine, akaniambia nimwambie kwamba itamuuma. Nikasema. Leso iliyofunika uso wa susu ilikuwa ikipanda na kushuka mdomoni kwa pumzi zake za haraka, na nilikuwa nikiitazama hiyo leso kuliko kitu kingine chochote chumbani.

Kisha ikaacha kupanda. Mkono ulionishika ukalegea. Nilimwita, hakuitika. Mkwe alinyanyua kichwa, na kwa mara ya kwanza akatazama mahali uso ulipo, akamwita yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi.

"Mwaitu," alisema, yaani mama. "Mwaitu."

Mkojo ulianza kuingia kwenye beseni kwa sauti ile ile ya mbuzi anapokamuliwa. Leso ikainuka taratibu.

"Mwambie yule mtu ameinuka," susu alisema. "Yule wa kwenye tumbo."

Nililia, na sikujificha. Mkwe akajaza kipulizo, akaunganisha mfuko mpya, akatoka kwa ubavu kama alivyoingia, akaenda kunawa. Nilimfuata kwenye tangi. Kulikuwa na jambo lililokuwa likinikwaruza, nikamuuliza kama ningeweza kuuweka mimi. Alifikiri. Nampenda kwa sababu alifikiri kwanza.

"Leo pengine ungeweza," alisema. "Siku nyingine ungemtoboa. Shida ni kwamba hata mimi sijui ni siku gani mpaka nianze."

Maji yaliposhuka, muuguzi wa kituo alivuka, akampima susu na kumwachia dawa za maambukizi. Homa ilikuja ikaondoka. Mkwe na mke wake walirudi Wote. Mimi nilirudi kwenye kazi yangu ya chini ya pete, lakini kitu kilikuwa kimebadilika. Susu hakunituma tena nje kumtukana mchungaji. Hakuniita mwiitu. Nikimgeuza aligeuka, nikimlisha alikula, nikimuuliza kama analo jambo alisema hana. Ningeweza kuvumilia matusi mwaka mzima kuliko wiki moja ya adabu ile.

Mwezi ulipoisha mkwe alikuja peke yake, na mbuzi. Wazee wanasema nthoni ikivunjika hutengenezwa kwa mbuzi, na huyu alikuwa jike mweusi, amenona, wa mtu aliyeuliza kwa wazee wake kabla ya kununua. Alimfunga kwenye mti wa ghala, akaketi kwenye kigoda chake, mgongo mlangoni. Nikaingia kusema. Susu akaniambia nimsogeze mbuzi karibu na dirisha, alie. Akasikiliza kilio chake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Ingia ukae," akasema kwa sauti, na hakuniambia mimi nimwambie.

Mkwe akaingia kwa mbele. Akaketi kwenye kiti, wakanywa chai, wakazungumza juu ya watoto na bei ya ndengu, kila mmoja akitazama kikombe cha mwenzake, lakini wakizungumza. Sikuwa na neno la kubeba. Nilisimama pale na birika nikijiona kama mlango uliong'olewa.

Alipoondoka, nilikumbuka kwamba mpira mpya haukuwa na alama. Shughuli zilikuwa zimenizidi tangu siku ile. Nikatoa kichupa mkobani, nikapiga magoti, nikaanza kuchora pete kwenye kiungo. Susu alinitazama. Nilingoja ule utani wake wa bibi harusi.

"Yule alinigusa," alisema, "na amelipa. Wewe ulikataa kunigusa. Mbuzi yako iko wapi?"

Nilimwangalia nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Nilianza kumweleza habari za leseni, na damu aliyoiona binti yake, na lile neno la mkwe pale kwenye tangi. Alisikiliza yote. Alisema anajua. Alisema kama ningeshika ningeua, hilo analijua, hakuniuliza hilo. Alisema siku ile ilibidi mtu avuliwe nguo mbele ya mwenzake ili mimi nibaki nimevaa zangu, na mtu huyo alikuwa yeye, na kwa hilo hakuna aliyemlipa.

 Nilikuwa na haki na sikuwa na jibu, na hadi leo sijui mambo hayo mawili yanakaaje katika nyumba moja. Nikamwambia kweli, kwamba sina mbuzi.

Susu akatoa mkono chini ya blanketi. Ulikuwa mkono wa mtu aliyelima na kukamua maisha yake yote, na kucha zimekauka kama maganda. Akautandaza juu ya goti langu.

"Basi hiyo rangi," alisema. "Nipake."

Nikamwambia akina mama wa kanisa watakuja Jumapili kumwombea, na kanisa lao halipendi kucha nyekundu. Akasema ataificha mikono wakati wa maombi na kuitoa wakati wa chai. Nilimpaka kidole kimoja kimoja, mkono wa kulia na wa kushoto, nikipuliza zikauke, naye akinikosoa kila nilipotoka nje ya ukucha. Tulipofika kidole cha mwisho aliniita mwiitu, akanituma nje nikaone ni kwa nini yule mbuzi mpya analia.

Kichupa kikaisha siku hiyo. Muuguzi alipokuja tena kubadilisha mpira sikuwa na kitu cha kuchorea mpaka wangu, nikafunga uzi mwekundu.